Sikio la Kwenye Runinga

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikosea, au hawakuwahi kuajiriwa katika duka la urembo. Sikio la kulia la Kasuku lilisikia kila dawa liliyoletewa. Lilisikia maji ya chumvi ya shangazi yake, likasikia dawa ya meno iliyopakwa na mwenzake wa kazini, likasikia manukato, likasikia hata ile dawa ya buluu ya kusafishia vioo. Halikubisha hata mara moja. Na huo utiifu ndio uliolifisha.

Kasuku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa na shangazi, mwenye duka, wiki ya kwanza tu ya kazi, kwa sababu ya ule mdomo. Mteja aliyeingia kuulizia kibanio cha nywele alitoka na kibanio, mkufu na bangili, na mlangoni akageuka kusema ahsante. "Huyu kasuku wangu," shangazi aliwaambia wenye maduka ya jirani, "anaweza kumuuzia kipara kitana." Kasuku alicheka, akajiona mtu. Ni raha kusifiwa na anayekuhifadhi.

Maana shangazi aliwahifadhi kweli, hilo halifichiki. Baba yake Kasuku alipofariki, na mwenye nyumba akaanza kubisha hodi bila salamu, ni shangazi, dada wa marehemu, aliyekuja na gari la mizigo akamchukua yeye na mama yake. Akawapa chumba cha uani nyuma ya nyumba yake, chumba chenye dirisha na mlango unaofunga. Kodi hakuwahi kudai. Kusahau pia hakuwaruhusu. "Anayejua alikotoka hapotei njia," alipenda kusema akipita uani na kikombe chake cha chai, na mama yake Kasuku, mikono ndani ya beseni, aliitikia: "Kweli, wifi. Kweli kabisa." Nguo za beseni hilo zilikuwa za nyumba nzima.

Duka lilikuwa refu na jembamba kama soksi. Vioo kulia, vioo kushoto, na mwisho kabisa kaunta ya shangazi, na juu ya kichwa chake runinga iliyotundikwa ukutani. Sheria ya duka ilikuwa moja: muuza hereni havai sikio tupu. Asubuhi shangazi alitoa sinia lililotandikwa mahameli meusi, kila muuzaji akachagua hereni mpya, akazivaa kutwa nzima ili wateja wazione zikicheza kwenye shingo ya mtu hai. Jioni zilivuliwa, zikapanguswa kwa kile kitambaa cha vioo kilicholowana dawa ya buluu, zikarudi siniani. Kesho yake ziliuzwa. Mteja hakuambiwa kitu.

"Hereni ni kama kiti cha saluni," shangazi alisema. "Nani huuliza nani alikikalia?"

Wauzaji walikuwa wawili, Kasuku na Mchumba. Huyu wa pili aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa amechumbiwa mwaka wa nane sasa, na mwanamume bado alikuwa "anamalizia mambo fulani".

Kisha yakaja maboksi. Ndani yake mlikuwa na pakiti za plastiki, na juu ya kila pakiti msichana anayecheka na maneno makubwa: JITOBOE MWENYEWE. Ndani ya pakiti: sindano nene yenye uwazi katikati, hereni moja ya pini, vitambaa viwili vya spiriti, na karatasi iliyokunjwa mara nane, maandishi yake madogo kama mayai ya chawa. Mtindo wa msimu haukuwa ndewe za kawaida za chini ambazo kila mwanamke anazo. Ulikuwa ni tundu la juu, kwenye gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo lake.

"Watu hawanunui sindano," shangazi alisema akipanga pakiti. "Watu wananunua ujasiri. Lazima wamwone mtu akijitoboa kwa mkono wake." Akawatazama wote wawili.

"Mimi nina presha, bosi," Mchumba akawahi.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Walicheka wote watatu. Kisha wawili wakamtazama wa tatu.

Hakuna aliyemfunga Kasuku kamba, na tusimtakase. Alimtamani yule msichana wa kwenye pakiti, alitamani kuonekana. Alimfikiria pia mama yake uani, na jinsi "hapana" moja inavyoweza kusafiri kutoka kaunta hadi kwenye beseni. Akasema sawa.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, alikaa kwenye stuli ya plastiki mbele ya kioo. Shangazi alishika simu, wakaingia mubashara. Mchumba alikuwa na kazi ya kubana kizibo cha chupa nyuma ya sikio ili sindano ipate pa kutulia. Kasuku alijifuta mikono kwenye sketi, akapangusa sikio kwa kitambaa cha spiriti, akatabasamu, akasukuma. Sindano iliingia nusu, ikagoma. Gegedu si nyama, halipitiki kirahisi. Akasukuma tena kwa kiganja, akasikia ndani ya fuvu lake mlio kama wa mtu anayetafuna barafu. Macho yalijaa maji, tabasamu halikutikisika. Kwenye kioo alimwona shangazi amegeuza uso ukutani, macho ameyafumba, mkono wenye simu umetulia tuli.

"Wanauliza, inauma?" Mchumba alisoma kwenye simu.

"Inauma?" Kasuku akacheka. "Ni kama kuumwa na sisimizi mwenye haraka!"

Mioyo myekundu ilipanda kwenye simu kama povu. Kufikia mchana sentensi ile ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa mlangoni. Kufikia alasiri video ilikuwa kwenye runinga ya duka, inaisha na kuanza, inaisha na kuanza. Pakiti zilitoka kama mkate wa moto.

Kabla ya kufunga duka, Kasuku aliikunjua ile karatasi akaisoma. Ilisema hereni ya kwanza isitolewe wala kuchezewa kwa miezi kadhaa, na kwamba tundu la juu huweza kuchukua hata mwaka kupona. Akampelekea shangazi.

"Karatasi hizo huandikwa na watu wanaoogopa mahakama," shangazi akasema bila kuishika.

"Lakini wanasema nisiiguse, shangazi."

"Na kesho sinia nitamvalisha nani, ukuta? Mwanangu, watu wamekuona. Watakuja kuona hilo tundu linavaa nini. Tundu ukilizoesha kubadilishwa mapema linakuwa na adabu."

Basi likafundishwa adabu. Siku ya kwanza nyota. Siku ya pili pete ndogo. Siku ya tatu mwezi mwandamo wenye vito vya bandia. Kila asubuhi aliing'oa pini ya pakiti aliyolala nayo, iliyogandamana na damu, akapitisha nyingine kwa kuzungusha kama anayetafuta mlango gizani. Kila jioni akaipangusa kwa kitambaa cha vioo na kuirudisha kwenye mahameli.

Siku ya nne sikio lilipata moto. Siku ya sita lilivimba likawa jekundu na linang'aa, na kulilalia haikuwezekana. Ndipo dawa zikaanza kumiminika, kila mtu na yake. "Huo ni moto wa kupona," shangazi alisema. "Kidonda kisichowaka hakiponi." Aliyesema kweli ni Mchumba peke yake, siku ya nane, wakiwa wameinama kwenye droo moja.

"Kasuku, sikio lako linanukia."

"Linanukia nini?"

"Si manukato, ndugu yangu."

Jioni ile Kasuku alikuta ukoko wa manjano kwenye pini aliyoivua. Aliufuta, akaona umetoka, akairudisha siniani na jozi yake. Asubuhi akaingia mwanamke wa ofisini mwenye viatu vizuri, akazipenda, akazivaa palepale mbele ya kioo. Ile iliyotoka kwenye usaha ikaingia kwenye sikio safi la mtu. "Zimekupendeza," Kasuku alisema. Ilikuwa kazi yake kusema hivyo. Alikwenda chooni akatapika, akarudi akahudumia mwingine.

Siku ya kumi na moja mama yake hakuomba ruhusa ya wifi. Alimkuta binti yake amekaa kitandani anatetemeka kwa homa, kichwa ameinamisha upande mmoja kama kuku mgonjwa, akamfunga kitenge akampeleka hospitali.

Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipasua, akakamua, akajaza chachi. Alieleza huku mikono yake inafanya kazi, kama mtu aliyechoka kueleza jambo lilelile.

"Gegedu halina damu yake lenyewe. Linalishwa na ngozi iliyolifunika. Usaha ukiingia katikati ukavitenganisha, gegedu linakufa njaa. Na likishakufa halioti tena. Mbona hukuja siku ya nne?"

"Siku ya nne nilikuwa kazini."

"Kazi gani?"

"Nauza hereni."

Daktari hakucheka. "Nani alitoboa?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini usimtafute mtu anayeijua kazi hiyo, mwenye vifaa vilivyochemshwa, kisha ukaacha kulichezea?"

Kasuku alilazwa siku sita na dripu mkononi. Shangazi alikuja mara moja, na mfuko wa machungwa. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Unatoka lini? Mchumba peke yake hawezi." La pili aliliuliza akiwa ameinama, kwa sauti ya chini: "Hukulitaja duka, au umelitaja?"

Bandeji zilipotoka, nusu ya juu ya sikio haikuwepo tena kama ilivyokuwa. Ilikuwa imejikunja na kusinyaa kama karatasi iliyokaribia moto. Kusikia alisikia vizuri. Hilo daktari alilisema kama zawadi.

Shangazi naye alikuwa na zawadi: kitambaa cha hariri cha kichwani, kizuri, rangi ya zambarau. "Hiki ukivae dukani muda wote," alisema akimfunga mwenyewe, vidole laini kabisa. "Mteja amekuja kununua furaha. Hakuja kuona machungu yetu."

Video haikuondolewa. Kila baada ya dakika mbili Kasuku wa juu alisukuma sindano na kucheka, na Kasuku wa chini, kichwa kimefungwa, akafungia watu pakiti. Wateja walimtambua. "Kumbe ni wewe! Mbona umejifunika?" "Nimetoka kusuka, nywele bado hazijakubali hadharani," alijibu, wakacheka, wakanunua. Majuma matatu yalipita hivyo. Kila alipoikabidhi pakiti alijiambia huyu ni mtu mzima, anajua kusoma.

Kisha akaingia asiye mtu mzima. Msichana wa sare ya shule, begi mgongoni, na wenzake wawili nyuma yake wakisukumana kwa vicheko. Mkononi alishika pakiti tatu.

"Dada Sisimizi!" akapiga kelele. "Jamani si ndiye huyu! Dada, nataka hapa, na hapa, na kitovuni. Mama yuko kazini mpaka jioni. Akirudi atakuta yameshakwisha. Hebu niambie kweli, ni kama sisimizi?"

Duka lilikuwa limejaa. Shangazi aliinua macho juu ya miwani yake, akasubiri mauzo yake matatu. Juu ukutani yule mwingine alikuwa amefika palepale pa kucheka. Kasuku alifungua mdomo, na sentensi ya mlangoni ilikuwa tayari ulimini, ya uvuguvugu, imeshazoea njia.

"Mdogo wangu," akasema badala yake, "shika begi lako vizuri."

Akafungua fundo la kitambaa. Hariri iliteleza mabegani ikaanguka chini. Mmoja wa wale wasichana alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya kitoto kabisa.

"Karibuni wateja, karibuni," Kasuku akasema, kwa sauti yake ya kuuzia, kwa sababu hakuwa na nyingine iliyo tayari. "Hii ndiyo bidhaa yenyewe ikishatumika. Angalia hapa juu, palivyokunjwa kwa ustadi. Haifuliki, haipigwi pasi, hairudishwi. Sindano ni hiyo uliyoshika. Karatasi ya ndani inasema usiiguse hereni kwa miezi, na mimi nilibadilisha kila asubuhi, kwa sababu katika duka hili sisi ndio mabango." Akamgeukia mwanamke aliyekuwa anajaribu pete ya sikio mbele ya kioo. "Na hiyo, dada, ivue. Jana ilivaliwa. Zote za kwenye sinia zimevaliwa. Zangu zilitoka na usaha, nikazifuta kwa dawa ya vioo, nikaziuza. Mimi, kwa mkono wangu huu."

Pete ilianguka sakafuni, ikaviringika hadi chini ya rafu.

Shangazi alikuwa ameshazunguka kaunta. "Ameugua huyu! Homa ilimpanda kichwani! Mchumba, hebu waambie wateja. Ni kweli haya?"

Macho yote yalimwendea Mchumba. Naye aliinamia droo iliyokuwa mbele yake, kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Mimi, bosi," akasema, "niko upande wa mikufu."

Yule msichana wa shule aliziweka pakiti tatu juu ya kaunta, moja moja, polepole, kama zitalipuka. Watu walianza kutoka. Mmoja alitoka akipiga picha runinga. Shangazi aliteremsha shata la mlango kabla hata ya saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa kaka yake.

Jumapili asubuhi kikaitishwa kikao sebuleni kwa shangazi. Alikuwepo baba mdogo, mdogo wa marehemu, anayeitwa kila palipo na ugomvi kwa sababu hana adui na hana msimamo. Mama yake Kasuku alikaa ukingoni mwa kochi, nusu ya mwili wake haijakaa.

"Sikio halipiti kichwa," baba mdogo alianza, kisha akagundua alichokisema, akakohoa.

"Baba mdogo," Kasuku akasema, "tafuta methali nyingine. Hizi za masikio zimenichosha."

"Unaona mdomo?" Shangazi alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Nilimlisha huyu. Nilimpa paa. Jina langu sasa hivi linatembea kwenye simu za watu kama mwizi. Na sitaki makubwa! Aniombe radhi hapa mbele yenu. Kisha tupige video fupi tu. Aseme sikio liliharibika kwa uchafu wake mwenyewe, alilala bila kuliosha, na maneno ya dukani aliyasema kwa hasira. Basi, yaishe, kesho arudi kazini. Asipotaka, wifi, mwezi huu ukiisha nakihitaji chumba changu."

Hapo ndipo pumzi ya mama iliposikika.

"Atasema, wifi," akadakia. "Mtoto tu huyu. Atasema. Mimi mwenyewe nakuomba radhi kwa niaba yake..."

"Mama, usiombe."

"Mwanangu, ulimi hauna mfupa!" Mama alimgeukia, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa sabuni, ngozi ngumu kama gome. "Sema tu. Neno moja, halafu tunarudi chumbani kwetu. Tutakwenda wapi mimi na wewe? Nimezeeka, sina nguvu ya kuanza tena kuhama."

Kasuku aliitazama mikono ile, na kidogo aseme. Angeweza. Radhi ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na yeye alijua kuuza. Alijua mahali pa kushusha sauti, mahali pa kuweka machozi. Video ingetoka nzuri. Ingetundikwa ukutani, na mtoto wa mtu angeitazama, akaambiwa tatizo ni uchafu tu, naye si mchafu, akaenda nyumbani kabla mama yake hajarudi.

"Basi sema hata nusu," baba mdogo akanong'ona, akiwa ameona anavyosita. "Sema, 'kama nimekukwaza'. Kuna 'kama' hapo. Hainyimi mtu usingizi."

Kasuku aliitoa mikono yake kwenye mikono ya mama, taratibu, akasimama.

"Shangazi, kwa chumba nakushukuru. Nitakushukuru hata nikiwa nje yake, na sitaruhusu mtu aseme hukutupokea. Lakini chumba kilikuwa chumba. Sikio langu halikuwa kodi yake."

"Umesikia?" shangazi akamwambia baba mdogo. "Umesikia anavyoongea?"

"Mimi nimejitoboa kwa mkono wangu, hilo ni kosa langu, nimelilipa na nitalivaa mpaka nife. Niliowauzia uchafu, nikikutana nao barabarani nitawapigia magoti mmoja mmoja. Wewe nimekukosea nini mpaka nikuangukie? Nimesema uongo wapi? Nioneshe neno moja, nilifute sasa hivi."

Shangazi hakuonesha neno. Alionesha mlango wa uani.

"Mwanangu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Tutakwenda wapi sijui, mama. Hilo nitalia na wewe, kutwa nzima ukitaka, na mizigo nitaibeba mimi. Lakini radhi siombi. Siombi kwa video, siombi kwa 'kama', siombi kwa ajili ya chumba. Siombi."